Kitochi mfukoni, WhatsApp mezani

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Nasimamia malori ya kampuni moja hapa Dar es Salaam yanayopeleka mizigo Zambia na Lubumbashi kule Kongo. Kazi yangu yote iko WhatsApp. Madereva wananitumia picha za karatasi, sauti na mahali walipo, mawakala wa forodha wako humo humo, bosi naye ana grupu lake. Nikishika simu nimjibu dereva mmoja, nashtuka saa nzima imeishia kwenye status na video. Usiku silali vizuri, kila ikilia nahisi gari limeanguka. Nataka niuze simujanja ninunue kitochi, ila naogopa kibarua kitaota nyasi. Nasikia kuna vitochi vyenye WhatsApp, na kuna simu za Ulaya za watu wasiotaka makelele. Unanishauri nini? (Msomaji, Tabata)

JIBU: Kaka, kitochi nunua. Simujanja usiuze, utaihitaji, ila mahali pake si mfukoni tena.

Nianze na hivyo vitochi vya WhatsApp, maana hapo ndipo watu wanapoliwa hela. Vilikuwepo kweli. Kati ya mwaka 2018 na 2019 WhatsApp iliingia kwenye simu za vibonye zinazotumia mfumo wa KaiOS, mfano Nokia 8110 4G na ile 2720 ya kukunja. Lakini katikati ya 2024 iliondolewa kwenye duka la programu la KaiOS, na mwaka uliofuata ikasitishwa hata kwa waliokuwa nayo tayari. Simu zenyewe bado zinazunguka sokoni. Muuzaji akikwambia "hii ina WhatsApp, bosi wangu", mwambie aifungue mbele yako atume meseji.

Hizo simu za watu wasiotaka makelele nazo zipo: Light Phone ya kampuni ya New York, Punkt ya Uswisi, na nyingine. Zimetengenezwa kwa ustadi. Light Phone haina WhatsApp kwa makusudi, walioiunda hawakutaka iwemo. Bei yake inakwenda mamia ya dola, hapo hujalipa usafirishaji wala ushuru. Utakuwa umetoa fedha zote hizo kupata kile kile ambacho kitochi cha Kariakoo kinakupa: simu isiyo na cha kutazama. Halafu kuna vile vidogo vya Kichina vyenye vibonye na Android ndani yake. Humo WhatsApp inaingia, lakini pamoja nayo inaingia na YouTube na kila ulichokuwa unakikimbia. Hiyo ni simujanja iliyovaa kanzu ya kitochi. Kwa hiyo suala la aina ya simu tulifunge hapo: chukua kitochi cha kawaida cha laini mbili, chenye tochi na chaji ya kukaa siku kadhaa.

Sasa tuje kwenye kazi yako, maana ugonjwa uko huko.

Hebu mfuate dereva mmoja kutoka bandarini. Anapakia kontena, anakutumia picha ya karatasi. Anafika mizani ya Vigwaza, picha. Mikese, picha. Makambako, picha na sauti ya dakika mbili akilalamika uzito wa ekseli. Mpemba, picha tena, halafu mpakani Tunduma anakaa foleni na kukutumia picha ya foleni. Katika vyote hivyo, kipi kilikuhitaji dakika ile ile? Karibu hakuna. Risiti ya mizani unaihitaji kwenye faili. Karatasi za mpakani anazihitaji wakala, na wakala mwenyewe atazishughulikia akiwa mezani kwake. Mahali gari lilipo, kama kampuni imefunga kifaa cha kufuatilia magari, unaona kwenye kompyuta bila kumuuliza mtu.

Yanayokuhitaji papo hapo ni machache, na unayajua kuliko mimi: ajali, gari limekufa njiani, dereva amezuiwa au anaumwa, mzigo au mafuta yameibwa, mpakani wamekataa kumpitisha na kuna uamuzi wa kufanya kabla ya kufunga. Mambo hayo yanakuja kwa mlio ule ule unaoleta maua ya "asubuhi njema" kwenye grupu la bosi. Ndiyo maana kila mlio unakushtua. Umezoeshwa kudhani kila meseji inaweza kuwa ajali, na ukishaishika simu kuhakikisha kwamba si ajali, status ziko pale zinakusubiri.

Kazi ya kitochi kwako, basi, ni kuitenga dharura na habari. Na habari njema ni kwamba huhitaji namba mpya kwa hilo, kwa sababu ya jambo moja ambalo watumiaji wengi hawalijui: WhatsApp huihitaji laini wakati wa kujisajili tu, ili ipokee ule msimbo wa uthibitisho. Baada ya hapo unaweza kuichomoa laini ukaiweka kwenye simu nyingine, na WhatsApp ikaendelea kufanya kazi kwenye ile simujanja kwa waifai, au kwa bando la laini nyingine yoyote. Ikikuuliza kama umebadilisha namba, kataa.

Umeona tunakokwenda? Namba ni moja, milango ni miwili. Mtu akipiga simu ya kawaida, kinalia kitochi mfukoni mwako. Akituma picha au sauti, inakwenda kwenye simujanja iliyolala kwenye droo ya ofisini ikiwa kwenye chaji, na inatokea kwenye kompyuta yako. Madereva hawabadilishi chochote kwenye orodha yao ya namba. Wanachojifunza ni kanuni moja: kikiungua, piga, kingine chote, tuma. Na wajue pia kwamba kupiga kwa WhatsApp ni sawa na kutuma, kwa kuwa simu hiyo italia mezani, si mfukoni.

Hapo najua utaniuliza swali la mtu wa malori: dereva aliyeko Chingola, Zambia, au Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, atapigaje simu ya kawaida? Ana laini ya Zambia, au yuko kwenye romingi, na dakika moja kuja Tanzania inamla vocha yote. Ndiyo maana wote walihamia kupiga kwa WhatsApp. Jibu unalo tangu enzi za vocha za kukwangua: abipu. Simu isiyopokelewa kwa kawaida haimkati hela. Dereva anatuma maelezo na picha WhatsApp kwanza, kisha anabipu kitochi chako mara mbili mfululizo. Wewe ukiona bipu mbili za namba inayoanza na +260 ya Zambia au +243 ya Kongo, unajua kuna jambo, unakwenda kufungua WhatsApp au unampigia kwa simu ya ofisi. Hakikisha tu kwamba namba yako haiungi simu kwenda sanduku la sauti au kwingineko, maana hapo bipu inageuka kuwa simu iliyopokelewa na dereva analipa. Ukibonyeza ##002# kisha ukapiga, maelekezo yote ya kupeleka simu zako kwingine yanafutwa. Dereva naye awe na salio la akiba, kwa sababu mitandao mingi haitakuunganisha ukiwa na sifuri kabisa, hata kwa kubipu.

Majina nayo yatakutesa usipojiandaa. Namba ulizohifadhi kwenye akaunti ya Google hazihami na laini. Laini yenyewe hubeba mamia machache tu. Kitochi kama Nokia 105 kinabeba hadi namba 2,000, lakini uziingize. Kwa hiyo tumia simujanja kunakili kwenye laini namba za madereva, mawakala, mafundi, bosi na familia, kisha ukishaiweka kwenye kitochi uzihamishie kwenye simu. Laini za Zambia za madereva zihifadhi kwa jina la gari, si la mtu. Usiku wa manane unataka kuona "Scania T ngapi", hutaki kuanza kukumbuka ni Juma yupi.

Hela haina shida. M-Pesa ya *150*00# inafanya kazi kwenye kitochi kama ilivyokuwa kabla ya simujanja kuenea, na benki kubwa zina menyu zao, NMB *150*66# na CRDB *150*03#. Posho ya njiani utaituma ukiwa umesimama kwenye daladala. Misimbo ya benki inayokuja kwa meseji itaingia kitochini pia. Ule msimbo wa WhatsApp ndio uulinde: akikupigia mtu, hata akijitambulisha ni wa mtandao wako wa simu, akikuomba tarakimu sita zilizoingia kwa meseji, kata. Na kabla hujachomoa laini, ingia kwenye mipangilio ya akaunti ya WhatsApp uwashe uthibitisho wa hatua mbili, uweke namba ya siri na barua pepe ya kuirejeshea. Hiyo ndiyo kufuli ya mlango wa droo.

Upande wa kompyuta, mambo ni mepesi. Akaunti moja inakubali vifaa vinne vya kuunganishwa pamoja na simu mama, yaani ile ya droo. Unaviunganisha kwa kuiskani ile alama ya QR, na tangu mfumo ulipobadilishwa, simu mama si lazima iwe hewani kila dakika. Ila isipotumika kwa siku 14, vifaa vyote vinatolewa. Kwa hiyo kila Jumatatu ifungue, ione intaneti, isasishe programu, uirudishe. Programu ya WhatsApp ya Windows inapiga na kupokea simu, kwa hiyo hata yule dereva wa Kasumbalesa utaongea naye ukiwa umekaa.

Na kusema kweli kazi yako itakwenda vizuri zaidi hapo kuliko kwenye kioo kidogo. Karatasi ya mzigo unaiburuta moja kwa moja hadi kwenye folda ya gari husika. Unaandika kwa vidole kumi. Wafundishe madereva kutuma karatasi kama faili, au angalau kwa HD, kwa sababu picha ya kawaida WhatsApp huibana na wakala anabaki kukodolea macho namba ya kontena isiyosomeka. Sijui ni magari mangapi yamelala Tunduma kwa ajili ya tarakimu moja iliyofifia, lakini wewe na mimi tunajua si machache.

Je, ukae nayo wazi kutwa? Hapana, na hapo nina ushahidi kidogo. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanyika India kwa watu 237, wiki mbili. Baadhi yao waliendelea kupokea arifa za simu kama kawaida, wengine walikusanyiwa wakaletewa mara tatu kwa siku, wengine walizimiwa kabisa. Walioletewa mara tatu walisema wana umakini zaidi, wanafanya kazi zaidi na mawazo yamepungua. Waliozimiwa kabisa hawakupata nafuu hiyo. Wao wasiwasi ndio uliongezeka, wakihisi kuna kitu kinawapita. Ndiyo maana sipendi ushauri wa "zima kila kitu ujiokoe". Mtu mwenye malori barabarani akizima kila kitu hatapumzika, atakuwa anawaza. Kwako wewe mara tatu zitakuwa chache wakati wa kazi, lakini wazo ni lile lile: saa 2 asubuhi, kisha kila baada ya saa mbili hivi, na ya mwisho saa 11 jioni. Katikati funga dirisha, fanya hesabu za mafuta. Kitochi kipo mezani. Kikinyamaza, hakuna kilichoungua.

Usiku ndio mgumu, na hapa nitasema jambo ambalo hukuliuliza. Kwa nini namba ya malori ya kampuni ni namba yako? Ukiugua leo, ukienda msibani Songea, au ukiacha kazi, madereva wote watakuwa wanatuma karatasi za kampuni kwa mtu asiyehusika. Mwombe bosi laini iliyosajiliwa kwa jina la kampuni, uiwekee WhatsApp Business kwenye hiyo simu ya droo, na laini yenyewe iingie kwenye kitochi cha zamu. Wiki hii unakaa nacho wewe, wiki ijayo mwenzako. Kompyuta za ofisi mnaziunganisha na akaunti hiyo moja, kila mwenye zamu anaona mazungumzo yote, na hakuna anayesoma meseji za mke wako kwa bahati mbaya. WhatsApp Business pia inakuruhusu kuweka jibu la kujituma lenyewe nje ya saa za kazi. Uandike kwa lugha ya barabarani, kitu kama hiki: "Picha imefika, itafanyiwa kazi saa 2 asubuhi. Kama ni ajali, gari limekufa au umezuiwa, PIGA au BIPU mara mbili namba hii hii sasa hivi." Dereva wa Lubumbashi akituma picha saa 4 usiku kwake, huku ni saa 5, anajibiwa palepale na wewe umelala.

Bosi wa grupu sina dawa yake kamili. Unaweza kuzima tiki za bluu kwenye mazungumzo ya watu wawili, lakini kwenye grupu hazizimiki, kwa hiyo atajua nani hajasoma. Usimwendee na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 mkononi ukimtajia saa 45 za wiki. Sheria hiyo hiyo ina kifungu kinachomtoa msimamizi anayewajibika moja kwa moja kwa wakubwa, na huenda ndiye wewe. Mwendee na faida: namba ya kampuni ibaki ya kampuni, karatasi zote kwenye folda, na mtu wa zamu anayepatikana kwa simu ya kawaida saa 24. Kumpigia mtu akapokea mara moja ni huduma ambayo WhatsApp haijawahi kumhakikishia. Mwambie: "Bosi, ukinihitaji, piga." Wengi wakishalazimika kupiga, hugundua kwamba nusu ya waliyotaka kusema hayakuwa na haraka.

Kuhusu ile simujanja ya droo, ivue nguo. Ondoa Facebook, Instagram na TikTok. Zisizofutika, zizime kwenye mipangilio. Ukitaka, weka Olauncher, programu ya bure inayogeuza uso wa simu kuwa orodha fupi ya majina bila picha wala rangi. Hilo linasaidia, lakini nguvu halisi ni umbali. Jua pia kwamba WhatsApp yenyewe si ya meseji tu tena: status zimo, na tangu 2023 chaneli nazo zimo, na sehemu hiyo huwezi kuing'oa. Kwenye kompyuta ya ofisini, watu wakipita nyuma ya kiti chako, hamu ya kutazama status za shemeji hupungua yenyewe.

Siku utakazokuwa bandarini au yadi ya Kurasini kutwa, ichukue hiyo simujanja kwenye begi, iwe na laini ya bando. Sioni ubaya. Hii si nadhiri. Ukihitaji kupiga picha ya lakiri ya kontena, itoe, piga, tuma, irudishe. Ninachokataa ni mfukoni na kando ya mto wa kulalia.

Na maisha ya nje ya kazi? Utakosa vitu, nisikudanganye. Picha za watoto wa dada yako utaziona kesho yake. Ramani huna, utauliza njia. Bolt utaikosa, utamwita bodaboda wako wa siku zote kwa simu. Kamati za harusi ndizo zitakazolia zaidi: mwambie mweka hazina akutumie meseji ya kawaida ikieleza kiasi na namba ya kulipia, toa mchango wako, na rangi ya sare uiulize siku moja kabla. Mke wako mweleze habari ya kitochi, uhakikishe anajua kwamba yeye ana ruhusa ya kupiga muda wowote. Nyumba nyingi zimegombana kwa sababu baba aliacha simujanja ofisini bila kusema.

Usibadilishe magari yote kwa mpigo. Chagua dereva mmoja mwenye utulivu, gari moja, safari moja nzima ya kwenda Lubumbashi na kurudi. Muelekeze kabla hajapakia, fanyeni bipu ya majaribio akiwa bado Dar na nyingine akishavuka Nakonde, upande wa Zambia, na laini yake ya kule, uone namba inatokeaje kwenye kitochi, maana wakati mwingine namba ya nje huonekana tofauti na ulivyoihifadhi. Andika pembeni kila alichotuma na kama kilihitaji jibu la papo hapo. Gari likirudi utakuwa na orodha yako mwenyewe ya nini ni dharura kwenye njia hiyo, na hiyo ndiyo utakayowasomea madereva wengine. Kama bosi atakataa kabisa habari ya laini ya kampuni, fanya haya haya kwa laini yako. Anza na uthibitisho wa hatua mbili, kisha majina, kisha kompyuta, na laini uichomoe mwisho kabisa.